Aliyenishikia Fimbo Mtoni

Kabla hujaniuliza, nakujibu mapema. Sikuwa na homa. Sikuwa nimesinzia. Sijawahi kuvuta kitu chochote, na siku hiyo tumboni kulikuwa na chai ya rangi na viazi tu. Ulikuwa mchana kweupe, jua limekaa utosini, na aliyenitokea hakuja na upepo wala harufu ya udi kama tunavyosimuliwa. Alikuja na kanga zake, moja kiunoni na nyingine kichwani, kama mama yeyote anayekwenda kuchota maji. Yalinipata mimi mwenyewe. Natamani yangempata mwingine, kwa sababu mpaka leo nikiyakumbuka naona aibu hata nikiwa peke yangu chumbani.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nasomea mito. Ndugu zangu wakisikia hivyo hucheka na kuniuliza mto una nini cha kusomea zaidi ya kuogelea. Kwa kifupi, tunapima umbo lake: upana, kina, unapinda wapi, unakula ukingo upi. Kisha tunajaza mchanga wake kwenye mifuko, tunaupeleka maabara, tunaukausha kwenye oveni na kuupitisha kwenye machekeche ya matundu tofauti ili tuone kokoto ni kiasi gani na tope ni kiasi gani. Ukishajua hayo, unaweza kusema maji yaliyouleta mchanga huo yalikuwa na nguvu gani. Ni kazi ya kuchosha na ya jua kali, lakini niliipenda.

Tulikuwa wawili, mimi na mwenzangu Gaudensi, kijana wa Mnero kule Nachingwea. Mto wa kwao tulikuwa tumeshaumaliza. Tukabakiwa na mto mmoja upande wa Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa. Jina lake silitaji. Watu wa huko wakisoma watautambua, na wengine haitawasaidia kitu.

Kiangazi mto huo hauna maji juu. Ni mchanga mtupu, mpana, mweupe, unaunguza nyayo. Maji yanapita chini, na kina mama huyafuata kwa kuchimba. Wanachimba shimo la kuingia mtu, mmoja anakaa ndani anachota kwa kata maji yanayojikusanya taratibu, mwingine anakaa juu anapokea ndoo. Nasisitiza, mwingine anakaa juu. Kisima cha mchangani hakichimbwi na mtu mmoja, kwa sababu kuta zake hazina subira, na hilo kila mtoto wa kule analijua.

Tulipanga chumba kwa mzee Athumani, na mpwa wake Zaituni ndiye aliyetupikia. Zaituni alikuwa mama wa watoto wadogo, mwenyewe wa rika letu au ametuzidi kidogo. Alikuwa mpole lakini hakuwa na maneno mengi. Mchana alitufuata mtoni na hotipoti ya ugali, mbaazi au kisamvu, akaiweka ukingoni kwenye kivuli, akasema "chakula hiki hapa, kaka zangu," akaondoka. Mboga alikuwa anapima kidogo. Mimi na Gaudensi tulimtania sana chumbani kwa hilo, na ningeishia chumbani, leo nisingekuwa na kisa.

Hapo inabidi nikuambie jambo lingine kunihusu. Baba yangu ni Mngoni wa Songea, na sisi Wangoni tuna utani na Wamwera, wenyeji wa huko Ruangwa, tangu enzi za mababu waliopigana. Kwa wasioujua utani, mtani anaweza kukuambia neno ambalo angelisema mtu mwingine mngeshikana mashati, nanyi mnacheka yanaisha. Na mahali pake hasa ni msibani. Mtani ndiye anayelala njiani jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Ndiye anayelalamika ubwabwa wa msiba haujaiva. Ndiye anayeruhusiwa kusema mbele ya watu wote lile ambalo wengine walikuwa wakilinong'ona juu ya marehemu, na akishalisema watu wakacheka, limekufa, linazikwa naye. Mimi tangu mdogo nilikuwa hodari kwa hilo. Shangazi zangu walikuwa wakinibeba misibani kwa sababu ya mdomo wangu tu. Nilijiona fundi.

Siku yenyewe kulikuwa na mechi Ruangwa mjini. Kama unaijua Ruangwa, unajua mpira ukiwapo hakuna kazi inayoendelea. Tangu asubuhi bodaboda zilikuwa zinapakia watu na kuondoka, vijana wamevaa jezi, wazee nao wamo. Gaudensi akaniambia, "Oya mwana, leo hatupimi. Mto haukimbii, mechi ndiyo inakimbia."

Mimi nikakataa. Mawingu yalishaanza kujikusanya jioni jioni, na mvua ya kwanza ikishuka kutoka vilimani, mto unajaa ghafla na kila ulichokipima kinabadilika. Tulibakiwa na mkato mmoja tu, yaani mstari mmoja wa kupima kutoka ukingo hadi ukingo. Nikamwambia aende, nitatafuta mtu wa kunishikia fimbo. Akaenda.

Ngoja nikueleze fimbo yenyewe, ili uelewe kilichonitisha. Kuna leveli, darubini ya miguu mitatu, unaisimika mahali pamoja na kuchungulia. Na kuna fimbo ndefu ya bati jepesi, inarefuka kwa kuvutwa, ina namba kuanzia chini kwenda juu. Mwenzako anaisimamisha chini pale unapotaka kupima, wewe unasoma namba kwenye darubini. Namba ikiwa kubwa, maana yake ardhi aliyosimama mwenzako iko chini zaidi. Ukichungulia huoni mtu mzima. Unaona kipande cha fimbo, namba, na pengine vidole vya anayeishika.

Nikasimika leveli mchangani karibu na ukingo, nikavuta tepu kutoka ukingo hadi ukingo, halafu nikabaki nimesimama na fimbo mkononi kama mlinzi. Kijijini hakukuwa na kijana hata mmoja aliyebaki. Ndipo nikamwona yule mama anakuja katikati ya mto, kutoka upande wa juu. Mama wa makamo, mwembamba kidogo. Upindo wa kanga yake ulikuwa umelowa na umeshika mchanga. Nikajua anatoka kisimani.

Akanisalimia, nami nikamwamkia shikamoo. Akaniuliza, "Kazi gani hiyo, mwanangu, ya kupiga picha mchanga?"

Nikacheka. Nikamweleza, nikamwomba kama ana nafasi anishikie fimbo kidogo, mwenzangu kafuata mpira. Akasema nafasi anayo, hana anachowahi. Akaishika fimbo vizuri kabisa, wima, kuliko Gaudensi. Tukaanza. Mimi kwenye darubini, yeye anasogea hatua kwa hatua kando ya tepu kila nikimwambia.

"Unaongea kama mtu wa Songea," akasema.

"Mngoni halisi, mama."

"Aa, kumbe mtani. Nyie ndio mlikuja na mikuki, mkaondoka na kuku wetu."

"Na nyie mkapanda vilimani mkatuachia mpaka vifaranga," nikajibu. Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kizuri, cha chini chini, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi. Nikamwuliza ni mama nani. Akasema, "Mimi mama yake huyo anayewapikia."

Sikujua kama Zaituni ana mama. Hakuwahi kumtaja. Sasa mtu mwenye akili si angejiuliza? Si angenyamaza kidogo, aulize anaishi wapi, mbona hatujamwona nyumbani siku zote hizo? Mimi nilichosikia ni mlango wa utani umefunguliwa, nikaingia na viatu.

Nikamwambia kwa sauti, maana alishafika mbali kidogo, "Kumbe mama mkwe! Mama Zaituni, mtoto wako bahili. Mboga anatupimia kwa kijiko. Wewe ukifa huyo hatakupikia hata uji."

"Ubwabwa wangu haujapikwa mpaka leo," akasema.

"Si nimekuambia? Bahili. Usijali, mtani wako nipo, nitakuzika mwenyewe na ubwabwa nitaula mimi."

"Utanizika kweli, Mngoni?"

"Hata leo."

Nilikuwa nimeinamia darubini, nasoma namba kwa mita. Moja na nusu. Moja na nusu na kidogo. Mchanga wa mto huo uko tambarare, namba hazikuwa na sababu ya kubadilika. Nikaendelea kupiga domo. Nikamwuliza, "Na siku zote hizo ulikuwa wapi, mbona hatujakuona nyumbani?"

Akasogeza fimbo hatua moja. Kisha akasema, "Watu wanasema nilikwenda Namungo."

Unajua Namungo ni machimbo ya dhahabu. Kila mtu anajua utani wa wanawake na wachimbaji. Mimi ndiyo kwanza nikapandisha sauti, nikacheka kabisa. "Kumbe ulifuata dhahabu, mama Zaituni! Ulimfuata mchimbaji gani? Mwenye meno ya dhahabu au mwenye deni la sembe?"

Nikachungulia. Namba ilikuwa imepanda, mbili na kitu. Nikadhani nimesoma vibaya. Nikarekebisha jicho la darubini, nikaona tatu. Namba zilikuwa zinateremka polepole mbele ya jicho langu na kubwa zaidi zinaingia, maana yake fimbo inashuka. Na vidole vilikuwa bado vimeishika, vidole vyembamba vyenye mchanga kwenye kucha.

Sikuinua kichwa. Nilisema tu, kama fundi anayemsema msaidizi wake, "Mama, umeingia kwenye shimo?"

"Ndiyo, mwanangu," akasema. Sauti ilikuwa karibu sana, na ilitoka chini. "Nimo shimoni toka siku ile."

Ndipo nikainua kichwa. Mto ulikuwa mweupe, mtupu, kutoka ukingo hadi ukingo. Hakukuwa na mama wala kisima. Fimbo ilikuwa imesimama peke yake katikati ya mchanga mkavu, wima, na nusu yake nzima haikuonekana. Nyayo za miguu yangu zilikuwapo, nilizokanyaga wakati wa kuvuta tepu. Za mwingine sikuziona, na niamini, nilizitafuta.

Kisha nikasikia kitu nyuma yangu. Nikageuka. Zaituni alikuwa amesimama ukingoni na hotipoti kichwani.

Sijui alifika lini. Uso wake ulinionyesha kwamba alifika mapema. Alikuwa amemsikia mwanaume mzima, msomi, amesimama peke yake mtoni, anacheka, anapigia kelele mchanga: mama Zaituni, ulimfuata mchimbaji gani.

"Unaongea na nani?" akaniuliza.

Nikafungua mdomo. Jibu lilikuwa moja tu, nikalitoa. "Na mama yako."

Hakulia. Hakunitukana. Aliishusha hotipoti taratibu, akaiangalia, akaipandisha tena kichwani, akaondoka nayo. Nilibaki na njaa yangu na aibu yangu, na aibu ndiyo iliyokuwa kubwa.

Nikaenda kuivuta fimbo. Niliivuta, nikaitikisa, nikaining'inia. Haikusogea hata chembe. Mchanga pembeni yake ulikuwa umeshikana vizuri bila hata ufa, na fimbo ya bati jepesi haiwezi kupigiliwa namna ile bila kupinda. Nikaiacha pale.

Jioni watu waliporudi kutoka kwenye mechi, habari ilikuwa imeshafika kila nyumba. Mzee Athumani akaja chumbani kwetu, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaniuliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko makofi, "Mwanangu, nani kakusimulia habari za dada yangu?"

Nikamwambia hakuna. Nikamsimulia yote, kama ninavyokusimulia wewe, isipokuwa maneno yangu niliyapunguza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ndipo na mimi nikaijua hadithi. Mama yake Zaituni aliondoka nyumbani siku moja ya kiangazi, miaka mingi nyuma, Zaituni akiwa bado wa madarasa ya chini. Siku hiyo mtoto alikuwa na homa. Mama akamwambia nakuja, akachukua ndoo. Hakurudi. Jioni ile ile mvua ikapiga vilimani, mto ukajaa kwa mara ya kwanza msimu ule. Walimtafuta. Kisha mtu mmoja akasema alimwona siku za nyuma akiongea na mchimbaji aliyekuwa akipita kununua ufuta, na mwingine akasema naye alimwona, na wiki haikuisha kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba amekwenda Namungo kwa mwanaume. Kamwacha mtoto na homa. Zaituni kakulia ndani ya neno hilo. Shuleni walimwita nalo. Alipoolewa, mawifi walimwita nalo. Hakuna aliyepika ubwabwa, kwa sababu mtu aliyetoroka hapikiwi.

"Fimbo yako iko wapi?" mzee akaniuliza.

"Bado imesimama mtoni."

"Kesho tutakwenda kuitoa," akasema, akaondoka.

Asubuhi tulikwenda, mzee, Gaudensi, mimi na vijana kadhaa wenye majembe na makoleo. Zaituni hakuja. Tukaanza kuchimba kuizunguka fimbo. Sasa sikiliza, hapa ninazungumza kama mwanafunzi wa mito, si kama mtu aliyetishika. Mchanga wa mto hulala tabaka juu ya tabaka. Maji makubwa huleta kokoto, yakipungua huleta mchanga laini, yakifa huacha utando wa tope. Ukichimba ukuta ulionyooka unaziona tabaka hizo zimepangana vizuri, nyeupe, kahawia, nyeupe. Tulipofika kiunoni nikaziona pembeni, zimenyooka. Lakini kuizunguka fimbo hazikuwapo. Hapo kulikuwa na duara, upana wa mtu aliyekunja mikono, na ndani yake mchanga, kokoto na tope vimechanganyika ovyo. Hivyo hutokea shimo likijifukia kwa mara moja.

Nilijua kabla jembe halijagusa kitu. Nikawaambia vijana waache majembe, watumie mikono. Gaudensi akaniangalia, naye akajua, akafanya ishara ya msalaba. Vijana nao wakapiga magoti, wakaanza kufukua.

Mguu wa fimbo ulikuwa umesimama ndani ya ndoo. Ndoo ya njano, ile ya mafuta ya kula, imepasuka ubavuni na kuzibwa kwa kiraka cha plastiki iliyoyeyushwa kwa panga la moto. Mzee Athumani alipokiona kiraka akakaa chini. Kiraka hicho alikiweka yeye. Mifupa ilikuwa hapo hapo, mtu ameketi, magoti kifuani, na mkono mmoja uko kwenye mshikio wa ndoo. Fimbo ilitoka kwa kuinuliwa na vidole viwili.

Polisi walikuja kutoka Ruangwa, mwenyekiti wa kijiji akaja, mganga wa zahanati akaja, kila mtu akaangalia na kuandika alichoandika. Kisha wakatupa ruhusa tumzike. Zaituni alikuja ndoo ilipokuwa bado imewekwa ukingoni. Aliishika ile ndoo, akapitisha kidole kwenye kiraka, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alikwenda peke yake kwa sababu mimi nilikuwa naumwa. Nilitaka maji ya baridi." Hapo ndipo alipolia.

Mazishi yalijaa. Watu walitoka Mbekenyera yote, walitoka mpaka Nachingwea. Wale waliosema walimwona na mchimbaji walikuwapo, wamevaa kanzu safi, wamebeba jeneza kwa zamu. Kila mtu anasema masikini, masikini, kama vile neno la Namungo lilisemwa na kijiji kingine.

Tuliporudi kutoka makaburini, ubwabwa ulikuwa umeiva. Zaituni aliupika mwenyewe. Akanijia nilipokaa na wanaume, akiwa na sinia. Nikainamisha macho, maana tangu siku ile mtoni hakuwa amesema nami. Akaniwekea sinia mbele, akainama, akasema polepole nisikie mimi tu.

"Mtani. Ulimwahidi utamzika, umemzika. Ulimwahidi utakula, haya kula. Sasa simama uliseme tena lile neno. Liseme kwa sauti kama siku ile. Muulize alimfuata mchimbaji gani."

Nilimtazama nikidhani ananilipizia. Hakuwa ananilipizia. Macho yake yalikuwa yananiomba. Na nilielewa, usidhani sikuelewa. Yeye ni mtoto, hawezi kulisema. Mjomba hawezi kulisema. Wanakijiji walilisema miaka yote chini kwa chini, hawawezi kulitoa mdomoni leo. Katika watu wote wale alikuwapo mmoja tu mwenye ruhusa ya kulisimamisha neno lile juani, lichekwe, waliolitunga walisikie na kuinamisha vichwa, likafa likazikwa na mwenyewe. Ni mimi, Mngoni, mtani. Ilikuwa kazi yangu, na niliifanya misibani tangu nikiwa mtoto.

Nikasimama. Watu wakaona, wakaanza kutabasamu. Mtu mmoja akasema, "Haya, mtani anaamka." Uwanja mzima ukanigeukia.

Nikaona macho ya watu wote. Nikaisikia tena sauti yangu ya mtoni, ile ya kucheka. Nikamwona Zaituni ukingoni na hotipoti. Aibu ikanishika hapa kooni. Mdomo huu ambao hakuna aliyeuomba kusema mchana ule, leo umeombwa na hauwezi. Nilisimama. Nikasimama tena muda mrefu zaidi. Bibi mmoja akacheka kidogo kunisitiri. Nikasema, "Poleni na msiba," nikakaa.

Zaituni alisubiri kidogo, pengine akidhani najipanga. Kisha akalichukua sinia langu likiwa halijaguswa, akalipeleka kwa wengine. Watu wakala, wakanawa mikono, wakarudi makwao. Lile neno halikusemwa na halikuchekwa, kwa hiyo halikuzikwa. Nasikia bado wapo wanaosema kwamba pengine alikuwa anajiandaa kutoroka siku hiyo.

Tulirudi chuoni. Maabara tulikausha mifuko yote ya mchanga, ikakauka, isipokuwa mmoja, ule niliojaza pembeni ya lile duara kabla sijajua ninachokichimba. Unaingia kwenye oveni jioni, asubuhi unatoka umelowa kama ulivyoingia. Fundi wa maabara aliurudisha tena na tena, akabadilisha oveni, mwisho akaniambia niuondoe asiuone. Ninao chini ya kitanda. Napaswa kuurudisha kaburini, nauli ninayo, njia naijua. Kinachonishinda ni kupita mbele ya mlango wa Zaituni. Usiku nikiinua godoro ninakuta ubao umelowa.

Na utani umeniacha. Mtani akinianza, nacheka kidogo, nasingizia simu, naondoka. Shangazi wanadhani nimeokoka.

Kwa hiyo nakuonya wewe mwenye mdomo mwepesi kama wangu. Ukikutana na mtani usiyemjua, mahali ambapo hakuna mwingine, usianze na utani. Anza na salamu, muulize nyumba yake ni ipi, watoto wake wako wapi na nani aliyemwona mara ya mwisho. Ukishamtania umeshakubali kumzika, na kumzika hakuishii kwenye jembe. Siku wakikuita usimame, simama na useme, hata kama koo limeziba.

Mimi sikusema pale, basi nasema hapa, na kama uko Mbekenyera uwasomee kwa sauti wenye kanzu safi. Mama Zaituni, ulimfuata mchimbaji gani? Mbona tumekukuta hapa hapa, karibu na nyumbani, umeshika ndoo ya mtoto mwenye homa?